Mkalimani na Injini Ndogo

Mkalimani wa korti ya Voi hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumshinda katika mazungumzo ya magari. Dereva akisifu gari huwa anakumbuka siku lilipomlaza njiani, na sifa zinapungua zenyewe. Yeye hakuwa na kumbukumbu kama hizo za kumpunguzia maneno. Jina alikuwa nalo, lilipakwa rangi kwenye ubao wa ofisi, lakini mji mzima ulimwita Mkalimani, na alipenda hivyo.

Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ukuta wa mabati. Mume wangu alikuwa karani wa stesheni, na nyumba zile za watu wa mshahara zilibanana kiasi kwamba ukikohoa, jirani anakupa pole kabla mumeo hajageuza kichwa. Katika miaka ile ya hamsini nilipika chakula cha jioni mara nyingi nikisikiliza kupitia mabati tofauti ya injini ya elfu na mia tatu na ile ya elfu na mia tano. Aliyekuwa akielezwa kwa kawaida alikuwa mkulima kutoka milimani, aliyekuja kuuliza kesi yake ya mpaka wa shamba itasikizwa lini. Aliondoka hajui siku ya kesi, lakini anajua kwa nini injini inayopozwa kwa hewa haina rejeta.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo umesimama, soksi ndefu hadi magotini. Mke hakuwa naye. Watu walisema aliwahi kuchumbia huko Mbale, na kwamba wazee wa msichana walipomwambia ajieleze, alijieleza mpaka wakaondoka mmoja mmoja kwenda kukamua ng'ombe.

Elimu yake ya magari ilitoka kwenye magazeti. Bwana Shauri, yule Mzungu aliyekuwa mkuu wa serikali pale Voi na hakimu wa korti kwa wakati mmoja, aliletewa kutoka Ulaya magazeti ya motokaa, na akimaliza kuyasoma alimwachia Mkalimani juu ya benchi. Yalikuwa na picha za magari madogo ya viti viwili, mengine bila paa, ya watu wanaoendesha kwa starehe na si kwa kwenda mahali. Mkalimani aliyaita spoti. Kwetu zilikuwepo spoti mbili tu. Moja ilikuwa ya kijani, ya Kiingereza, mali ya injinia kijana wa shamba la mkonge. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, ya Kijerumani, injini yake nyuma mahali ambapo wengine huweka mizigo, na mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo. Nyingine zilipita tu kwenye barabara ya Mombasa, zikatuachia vumbi. Mkalimani alisimama mbele ya posta, kitambaa puani, akasikiliza mlio hadi ulipopotea upande wa Maungu, kisha akatangaza, "Hiyo ni injini ya bei ya mwanzo."

Alisema hivyo kwa heshima. Alitueleza kwamba kiwanda kimoja huuza gari lile lile kwa injini tofauti. Kuna ndogo, ya mtu anayeanza, na kuna kubwa zaidi ya mtu aliyechoka na pesa zake. Dini yake yote ilikuwa kwenye hiyo ndogo. "Ukitoa pesa zaidi hupati gari zaidi," alikuwa akisema. "Unapata kiu zaidi." Lakini hata kati ya ndogo na ndogo palikuwa na uchaguzi, na hapo ndipo jioni zetu zilipoishia. Injini ndogo ya ile ya kijani ilikuwa na nguvu hata ikienda polepole, haikasiriki upesi, ila inamchoma dereva miguu. Injini ndogo ya ile ya fedha ilikuwa nyepesi, inanusa petroli tu, ila uzito wake wote uko nyuma. "Kwenye kona mkia unataka kutangulia kichwa," alisema, na akaonyesha kwa bakuli langu la sukari, likazunguka mezani likamwagika. Hakuomba radhi. Alisema, "Umeona?"

Watu pia aliwapima hivyo. Mchungaji wetu alikuwa injini kubwa yenye gia mbili. Mume wangu alikuwa silinda nne, lakini alitumia tatu. Mume wangu alinuna sana kwa hilo, halafu nikamsikia siku moja akilisema mwenyewe juu ya stesheni masta, kama vile amelibuni yeye.

Sharti niseme pia kwamba kazi yake aliijua. Kidawida cha milimani, Kiswahili na Kiingereza vilipita mdomoni mwake bila kugongana. Hakupokea kitu kwa mtu, na hakumwonea mtu. Ubaya ulikuja tu kesi ilipokuwa na gari ndani yake.

Nakumbuka kesi ya mbuzi, kwa sababu nilikuwepo. Mabenchi ya nyuma ya korti yalikuwa ya yeyote, na mimi nilikuwa natoka sokoni. Mzee mmoja kutoka Kishushe, ambako gari likipita watu hulizungumzia mpaka lingine lipite, alileta mbuzi zake kuuza Voi, na yule injinia wa mkonge akamgonga mmoja kwa spoti yake ya kijani. Mzee alisimama mbele ya Bwana Shauri na fimbo yake.

"Gari lilikuja kama limetumwa," alisema kwa Kidawida. "Mbuzi wangu alikuwa na mimba. Nataka nilipwe wawili."

Mkalimani akageuka, akatafsiri kwa Kiingereza. Maneno ya mzee yalikuwa machache, lakini tafsiri ilikuwa ndefu. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, ila nilisikia injini, nikasikia breki, nikamwona Mkalimani akipinda mkono kuonyesha kona. Bwana Shauri akasogea mbele kwenye kiti. Akauliza kitu. Injinia, ambaye ndiye mshtakiwa, akajibu huku akitabasamu. Mkalimani akapinga. Bwana Shauri akachukua karatasi akachora barabara, na wote watatu wakainama juu yake.

Mzee alingoja. Mwishowe akamgusa Mkalimani begani. "Wanasemaje?"

"Wanamzungumzia mbuzi," Mkalimani akasema.

"Mbona mengi hivyo?"

"Ni mbuzi muhimu."

Walipoinuka, Bwana Shauri alimwona mzee kama mtu aliyesahau mgeni sebuleni, akaona haya, akaamuru alipwe wawili. Mzee alirudi Kishushe akaeleza kwamba serikali ilikaa asubuhi nzima kujadili mbuzi wake mmoja. Nasikia kwa muda mrefu hakuna korti iliyoheshimiwa huko kama ya Voi.

Na mtu huyu gari lilikuwa linamtapisha. Hilo tulilijua wachache. Kwenda Mwatate alikwenda kwa miguu, kwenye jua, akisema mwili wake umezoea mwendo wake. Mara moja tulipanda naye basi kwenda mazishi Wundanyi. Mpaka Mwatate alikuwa ananusa ganda la ndimu. Kona za mlima zilipoanza, rangi ya uso wake ikawa kama ya majivu, akagonga dirisha, akateremka akisema anataka kutazama mandhari. Alifika mazishini tukiwa tumeshanawa mikono. Alimpa mfiwa pole, kisha akasema basi lile lilikuwa na injini kubwa mno kwa bodi yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya ajulikane milimani kuliko alivyotaka.

Wanawake wa kwetu, mlimani karibu na Wundanyi, walikuwa wakilima kabichi na karoti, na kuzibeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka barabarani. Pale walimngoja mchuuzi mwenye lori. Akija, alitaja bei yake na hapakuwa na bei nyingine. Asipokuja, kabichi zilioza kando ya barabara, na wanawake wakapanda mlima mikono mitupu. Mama yangu alizeeka kwa kazi hiyo, shingo yake ikawa haigeuki vizuri. Basi wakulima waliunda chama, wakachanga kwa misimu mingi, ili wanunue pikapu yao wenyewe ya kuteremsha mboga mpaka stesheni ya Voi, zipande treni ziende Mombasa. Mwenyekiti alikuwa kaka yangu Mwangemi, mtu mwema anayependa kofia.

Pale Voi, Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa na vipuri alikuwa na pikapu iliyotumika, anaiuza. Kaka yangu akateremka na wazee wawili wa kamati kuinunua, na mke wake, wifi yangu Wakesho, akaja kwa niaba ya wanawake. Ingekwisha siku hiyo hiyo kama kaka hangesema, "Kwanza tumuulize Mkalimani. Yeye ndiye anayejua magari."

Wakakaa nyumbani kwake. Mimi nilipeleka chai, maana birika yake ilikuwa ya mtu mmoja.

Mkalimani aliwasikiliza mpaka neno pikapu. Akafumba macho. "Ile ni injini ya kazi," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akawaambia kwamba Mungu amewaleta kwa wakati mwafaka, kwa sababu injinia wa mkonge anarudi kwao Ulaya na daktari wa mifugo amehamishwa, na spoti zote mbili zinauzwa kwa bei ya mtu anayefunga masanduku.

Alianza na ile ya fedha. Akaenda kwenye ile ya kijani. Akarudi kwenye ya fedha. Wazee wa kamati, ambao walikuja na mashaka, wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja akaunga mkono injini ya kupozwa kwa hewa na mwingine akawa upande wa ile ya maji. Chai ilipoa, nikaipasha tena. Kaka yangu aliuliza maswali ya mtu anayejua, kama vile ni gia ngapi. Nilimwona anavyokaa. Alikuwa ameshaanza kujiona ndani ya gari lile, na kofia.

Wifi yangu Wakesho alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikunywa chai yake yote ndipo akauliza, "Na kabichi zitakaa wapi?"

"Hilo, mama, ni swali la bodi," Mkalimani akasema kwa upole. "Sisi bado tuko kwenye injini."

Hawakufika kwenye bodi. Aliwaambia kwamba adui wa kabichi ni saa, kwamba gari jepesi lingekwenda na kurudi mara nyingi wakati pikapu inajikokota, na kwamba bei ikiwa ndogo hivyo, kitakachobaki kingenunua trela ya kufunga nyuma. Neno trela liliwatuliza wazee. Jioni walikubaliana juu ya ile ya kijani, kwa kura ya wanaume watatu. Wakesho alikuwa ameshatoka nje, anasaidia kusuuza vikombe vyangu.

"Wifi, huwezi kumwambia kaka?" nikamuuliza.

"Nimemwambia tangu tulipooana," alisema. "Ngoja aone."

Gari lilipanda kwetu siku ya soko, trela imefungwa nyuma. Dereva alikuwa kijana wa chama aliyewahi kuendesha trekta kwenye mkonge. Kando yake alikaa kaka yangu, kofia mpya kichwani. Mkalimani alilazimika kwenda, kwa sababu kaka alitaka mtu wa kusikiliza injini, na kwa kuwa viti vilikuwa viwili, aliwekwa nyuma yao juu ya paa la turubai lililokunjwa, ameshika mabega yao. Mimi nilifuata kwa basi na ndiyo maana niliyaona mengi. Pale Mwatate watu walitoka madukani wakapiga makofi. Kaka alipunga. Mkalimani naye akajaribu kupunga, kisha akarudisha mkono mdomoni.

Kwenye kona ya kwanza ya mlima, trela ikiwa tupu, ile injini ya bei ya mwanzo ilianza kulalamika. Kwenye ya pili ikanyamaza. Basi letu likasimama nyuma yao, dereva wetu akapiga honi. Mkalimani alikuwa ameteremka, ameinama kwenye majani, na kila mmoja alifikiri anachunguza kitu chini ya gari.

Wanawake walikuwa wameteremka kulipokea, wamevaa nguo za kanisa. Walikuwa wanaimba. Wimbo ulikatika polepole, kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri kila mmoja alivyoliona gari. Mama yangu alilizunguka lote akitafuta mahali pa mizigo. Halafu, kwa kuwa halikuweza kubaki pale katikati ya barabara, walifunga kanga viunoni wakalisukuma. Walilisukuma kona baada ya kona, kaka yangu akiwa ndani kwa sababu alisema mtu lazima awe mwenyekiti. Wakesho alikuwa bega kwa bega na mama yangu, miguu imezama kwenye vumbi, akasema bila kuinua sauti, "Zamani tulibeba kabichi. Sasa tutabeba kabichi na gari."

Kuteremka kulikuwa kwingine. Walijaza trela, na gari jepesi likagundua kwamba linasukumwa na kabichi. Dereva alikanyaga breki mpaka akasimama wima. Kwenye kona iliyo juu ya Mwatate, mkia ulitangulia kichwa, jambo ambalo Mkalimani alikuwa ameahidi lingefanywa na ile nyingine, na vyote vikaingia kwenye mahindi ya mtu. Hakuna aliyeumia. Kofia ya kaka haikuonekana tena. Kabichi ziliteremka zenyewe bondeni, na watoto wa bonde lile walikula kabichi mwezi ule mpaka wakazikataa.

Baada ya hapo palikuwa kimya nyuma ya mabati. Mkalimani alikwenda kazini, akarudi, akafunga mlango. Sikuwahi kufikiri ningezitamani injini zile, lakini nilipika nikisikia mafuta tu kwenye sufuria. Wazee wa kamati walilaumu barabara, wakamlaumu dereva, mmoja akalaumu uzito wa kabichi za msimu ule. Kaka alisema chama kitakaa kitafakari. Wakati wanatafakari, wanawake walifunga kamba kwenye paji la uso kama zamani, na mchuuzi, ambaye habari zilimfikia, akapunguza bei.

Ndipo Wakesho akateremka Voi na wanawake wawili. Walikaa kwenye kizingiti cha Mkalimani mpaka alipotoka kazini. Alipowaona alisimama njiani, nikaona anataka kurudi.

"Karibu nyumbani kwako," Wakesho akamwambia. "Leo tuko kwenye bodi."

Shauri lake lilikuwa rahisi. Yule Mhindi bado alikuwa na pikapu. Alikuwa pia na mtoto wake wa kiume, kijana mwenye ndevu tayari, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na kuchukia kila kitu nyuma ya kaunta. Kila spoti ilipopita aliacha mteja na kipimo cha kitambaa mkononi akaenda mlangoni. Wakesho alitaka kubadilishana, gari kwa gari. Lakini Mhindi angeuliza, na kijana angeuliza zaidi, na hakuna katika mji ule ambaye neno lake juu ya injini lingesikilizwa isipokuwa mtu mmoja.

"Waambie ulivyotuambia sisi," Wakesho alisema.

"Siwezi," Mkalimani akasema. Alikaa chini, kwenye kizingiti chake mwenyewe, kando ya wanawake. "Nimeliona likishindwa."

"Kwa hiyo sasa ndiyo unalijua?"

"Sasa ndiyo siwezi kulisema."

Wakesho hakuwa mwanamke wa uongo, alikuwa mzee wa kanisa kwa haki yake ingawa cheo walimpa mumewe. "Basi sema unaloliona," akasema. "Lakini twende ukaseme."

Wakaenda, nami nikafuata. Gari la kijani lilikuwa limevutwa mpaka mbele ya duka, ubavu umekwaruzwa na mahindi. Mhindi alitoka, mikono nyuma, akasema hawezi kubadilisha kitu cha kubeba kwa kitu cha kubebwa. Kijana wake alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti.

"Mkalimani," kijana akauliza, "lina ubaya gani?"

Wakesho alitazama chini.

"Mlima haliwezi," Mkalimani akasema. "Mzigo haliwezi. Breki zake zinataka dereva asiye na haraka, na mlinunue mkijua hivyo." Mhindi akaanza kugeuka arudi ndani. "Lakini limetengenezwa na watu ambao hawakufikiria mzigo. Kutoka hapa mpaka Maungu ni tambarare. Injini hii ndogo haina uzito wa kulemea magurudumu ya mbele, kwa hiyo usukani utauhisi kwenye vidole, si mabegani. Kubwa ingekupeleka haraka zaidi na ungekuwa unaishika kama fahali. Hii itakwenda na wewe. Itakuchoma miguu kidogo."

Yalikuwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema juu ya gari. Kijana alifungua mlango akaketi. Baba yake alimtazama kijana wake akitabasamu, jambo ambalo nadhani hakuwa ameliona tangu meli imshushe. Akataka trela pia, kwa ajili ya heshima yake ya biashara, na akapewa.

Pikapu ilipanda mlima siku ya pili yake, polepole, ikitoa moshi. Wanawake waliiita Bodi. Mchuuzi alikuja mara mbili tatu akakuta barabara tupu, halafu akaacha kuja. Mama yangu hakubeba tena kabichi, ingawa shingo yake ilibaki vile vile. Kaka yangu aliendelea kuwa mwenyekiti, na kwenye mikutano alieleza jinsi kamati ilivyotumia akili kununua spoti kwanza ili ipate pikapu baadaye. Wakesho alishika ufunguo wa Bodi, akautundika shingoni.

Na Mkalimani? Watu walimcheka, kisha wakaanza kumuuliza tena. Hatuna kumbukumbu ndefu kwa mtu anayeongea vizuri.

Mara ya mwisho nilimwona upande wa Taveta, mwaka wa mwisho au wa kabla ya mwisho wa miaka ile ya hamsini. Mume wangu alikuwa amepelekwa stesheni ya huko kushika nafasi ya karani aliyeugua, na tulikuwa tunajiandaa kurudi Voi. Nilikwenda Mboghoni kutafuta ndizi za kubeba, nikamkuta amesimama ndani ya mfereji wa maji, suruali imekunjwa, anazibua majani kwa jembe. Korti alikuwa ameiacha. Bwana Shauri mpya alikuja akijua Kiswahili tayari na akijifunza Kidawida, jambo ambalo Mkalimani alilihesabu kuwa ukosefu wa adabu. Sasa aliishi na dada yake mjane aliyeolewa huko, akimsaidia shambani.

Alifurahi kuniona. Alibeba mkungu wangu mmoja begani akanisindikiza mpaka stesheni ya Taveta, kwa miguu, kwenye kivuli cha migomba kwanza kisha kwenye jua. Aliniuliza habari za kila mtu. Njia nzima hakutaja gari, nami sikuweza kuvumilia.

"Magari huyasemi tena?"

"Huku hakuna wa kusikiliza. Wanasikiliza maji tu, kama yanakuja." Alihamisha mkungu kwenye bega la pili. "Mama Mghoi, mimi nimesema maneno ya watu tangu ujana wangu. Mtu akiua, ni mimi ninayesema nimeua. Akisingiziwa, ni mimi ninayesema sikufanya. Bwana Shauri akihukumu, ni mimi ninayesema nakufunga. Nimefunga watu wengi kwa mdomo huu, wala sina ugomvi nao hata mmoja. Nikifika nyumbani nilitaka kusema kitu ambacho hakuna aliyenipa nikiseme."

"Hata kama hukijui?"

"Nikikijua, maana yake mtu alinifundisha. Kile nisichokijua ndicho kilikuwa changu peke yangu."

Sikujua kama nicheke, kwa hiyo nilimpokea mkungu.

Treni ilikuwa imeshaingia. Mume wangu alipandisha mizigo, nami nikakaa dirishani kumuaga. Mkalimani alibaki kwenye jukwaa, amejipangusa mikono. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakimbilia treni, kikapu kichwani, tiketi katikati ya vidole, alisimama mbele yake kidogo tu kuuliza kama ndizi za kisukari zinafika Voi bila kuharibika, au bora angechukua mshare za kupika.

Nilimwona Mkalimani akiinua kidole. Alianza na kisukari. Akaenda kwenye mshare. Mikono yake ikafunguka, mmoja huku, mwingine kule, na mwanamke akashusha kikapu ili asikie vizuri. Filimbi ikapigwa. Mwanamke alitikisa kichwa kwamba anaelewa. Treni ilipoanza kutembea nilimpungia Mkalimani, nikamwonyesha mwanamke mlango kwa mkono, lakini wote wawili walikuwa wamenipa kisogo, na Mkalimani alikuwa anarudi kwenye kisukari.